Koma mbili kabla ya chamcha

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa Kiswahili gredi ya saba au ya nane, jihadhari na "kipumuo", lile jina jingine la koma. Wanafunzi wako wamelizoea tangu madarasa ya chini, walikoambiwa watie koma pale pumzi inapokata. Muhula wangu wa kwanza nilirudia hayo hayo, nikavuna insha zilizojaa sentensi za namna hii:

Wazazi waliofika shuleni jana asubuhi, walikutana na mwalimu mkuu.

Kiima, yaani sehemu inayomtaja mtenda, ni kirefu, mtoto amevuta pumzi, koma imeingia. Amenitii. Ila koma hiyo imewatenga wazazi na kitendo chao, basi. Nilichora duara jekundu kwenye daftari nyingi kabla ya kukubali kwamba kosa lilikuwa langu.

Siku hizi naanzia ubaoni. Dakika chache kabla ya kengele ya chamcha naandika:

Wanafunzi ambao hawajamaliza zoezi watabaki darasani.

Wanafunzi, ambao hawajamaliza zoezi, watabaki darasani.

Kisha nauliza: nani anakwenda kula? Ya kwanza inawazuia wachache, waliomaliza wanatoka. Ya pili inawafungia wote: inasema wanafunzi watabaki, na habari ya zoezi imechomekwa tu, kana kwamba darasa zima halijamaliza. Aliyemaliza atasimama kupinga. Mwache apinge, tena mwite mbele azifute hizo koma mwenyewe. Hapo atakuwa ameeleza somo kwa wenzake vizuri kuliko maelezo yangu ya nusu saa.

Baada ya hapo swali ni moja: "Yupi?" Maneno yakijibu "yupi", yaani yakimchagua mtu mmoja kati ya wengi, hayatengwi kwa koma. Kama msomaji anamjua tayari na maneno yanamwongezea habari tu, yatengwe. Ndiyo maana majina ya pekee hurahisisha mambo: Mlima Kilimanjaro, ambao una kimo cha mita 5,895, uko Tanzania. Kilimanjaro ni mmoja. Hakuna wa kuchagua. Ondoa jina uandike "Mlima ambao una kimo cha mita 5,895 uko Tanzania", na kile kimo ndicho kinachotuambia ni mlima upi. Koma zinaondoka.

Koma ya pili watakusahaulia. Watafungua na wasifunge. Mimi huwaambia koma hizi ni wabebaji wa machela, na mmoja akiondoka mgonjwa yuko chini. Wanacheka, na nusu yao wanaendelea kusahau hadi muhula wa tatu.

Kirejeshi kifupi, kile kinachoingia ndani ya kitenzi badala ya "ambaye", nakiacha kwanza. "Kaka yangu anayeishi Nakuru" hushikamana na nomino, na mara nyingi humchagua kaka mmoja kati ya kadhaa. Tukitaka kuongeza habari tu, ulimi wenyewe hukimbilia "ambaye". Ni mwelekeo wa lugha, si sheria, na ukiutoa mapema wataukariri kama sheria.

Usitegemee mno yale mazoezi ya sentensi kumi zisizo na koma. Wanafunzi hubahatisha, maana hawamjui huyo Juma wa kitabuni wala kaka zake. Waandike habari za kwao. Ila nawe usiwahi kalamu nyekundu. Msichana mmoja aliandika "Shangazi yangu ambaye anauza samaki sokoni Kibuye amejenga nyumba", bila koma hata moja, nikamkata alama. Alikuja mezani na daftari lake.

"Lakini mwalimu, nina shangazi watatu."

Nikamrudishia alama yake.