Besi inapotea kwenye simu

Kaka wa Ujiji, unauliza kwa nini gitaa lako la besi halisikiki wimbo ukichezwa kwenye simu. Besi yako haijapotea. Spika ya simu ndiyo haiiwezi. Uzi mnene, ule wa E, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na kispika kile hakifiki huko. Ukiipandisha besi sauti zaidi utawaharibia tu wenye spika kubwa. Nakili traki ya besi (sauti yake iliyorekodiwa peke yake), kwenye nakala ondoa kila kilicho chini ya hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde, itie distosheni (mkwaruzo wa sauti) kidogo, kisha ichanganye kwa sauti ya chini na ile safi. Sikio litajijazia lenyewe sauti nzito iliyokosekana. Ijaribu kwenye simu, si hedifoni. Na ukirekodi, chomeka gitaa moja kwa moja kwenye intafesi, kile kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta. Kwa mvua za Kigoma, maiki itakurekodia kelele za bati.