Kubadilisha majina ya mafaili mengi kwa mkupuo

Mdogo wangu, umeuliza namna ya kubadilisha majina ya mafaili 300 ya mauzo ya dagaa pale Mwaloni Kirumba bila kushika moja moja. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri, kwenye Linux au Mac), andika pwd ujue uko folda gani, kisha ls uone kilichomo. Halafu andika hii, inayoongeza kirumba- mwanzoni mwa kila jina la faili la .csv (mv ndiyo amri ya kubadilisha jina):

for f in *.csv; do echo mv "$f" "kirumba-$f"; done

Hiyo echo usiiondoe kwanza! Inakuonyesha tu amri zitakazotekelezwa, hakuna faili linaloguswa. Soma kwa utulivu. Ukiridhika, futa neno echo urudie amri. Alama za nukuu ziache hapo hapo, maana jina lenye nafasi, mfano dagaa Ukerewe.csv, bila nukuu linasomwa kama vitu viwili. Na rm, amri ya kufuta mafaili, iogope kweli: haipeleki kitu kwenye pipa la taka, inafuta moja kwa moja. Mimi hutengeneza nakala ya folda nzima kwa cp -r kabla ya yote.