Kuhamia kijijini kando ya mto Po: jibu kwa dada anayesita

Dada uliyeuliza kama utaweza kuhama Bologna umfuate mume kijijini kwao ukingoni mwa Po, maana umeambiwa watu wa huko "wanakutazama tu, hawakusemeshi": huu ni mwaka wangu wa tisa katika kijiji cha namna hiyo, mkoa wa Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia, kati ya Boretto na Guastalla. Jina lake silitaji. Ni kidogo, mtanijua kabla sijamaliza kuandika.

Ulichoambiwa ni kweli, wanatazama. Mimi wa Tanga nimezoea kwamba mtu akikutazama, kinachofuata ni "karibu". Huku karibu haiji. Novemba yangu ya kwanza ukungu ulishuka, siku nne sikuiona nyumba ya ng'ambo ya barabara. Upweke ukanizidi, nikakaanga visheti, nikaenda kubisha kwa jirani saa sita na nusu mchana. Mama wa watu akafungua, kitambaa cha mezani kiko mkononi, nyuma yake mumewe ameganda na kijiko. Akapokea sahani, akashukuru, akafunga mlango. Nililia njia nzima, na njia yenyewe ni hatua thelathini.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Saa hiyo watu wako mezani, maduka yamefungwa hadi alasiri, na anayebisha bila kupiga simu huenda kaleta habari ya msiba. Nyumbani kwa mtu huku hauibuki tu. Lakini wiki iliyofuata sahani yangu ilirudi, na haikurudi tupu: tortelli za maboga, yaani vifuko vya unga vilivyojazwa maboga, zimefunikwa vizuri. Nikasema kumbe hili nalijua.

Baraza lao ni baa. Usiogope neno, si kilabu cha pombe. Asubuhi watu wanakunywa kahawa wima kaunta, mchana wazee wanacheza karata ya briscola na kutukanana kwa lahaja yao. Nani kalazwa, nani anauza trekta, yote yako pale. Ukiingia, sema "buongiorno" kwa sauti, kwa wote. Wazee usiwaambie "tu", ile "wewe" ya kawaida, waambie "Lei", ya heshima. Ni shikamoo yao hiyo, ukiikosea hawakusemi ila wanakumbuka. Na jifunze kusoma matangazo ya vifo ukutani: jina, umri, mara nyingi picha, saa ya mazishi. Nenda hata kama humjui marehemu vizuri. Matanga hakuna, ibada ikiisha na jeneza likifika makaburini kila mtu kwake. Hilo mpaka leo halijaniingia.

Halafu kuna sagra. Chama cha wanakijiji, Pro Loco, huandaa sherehe ya siku kadhaa wakati wa joto: mahema, meza ndefu, na wanakijiji wenyewe wanapika bila malipo, faida inakwenda labda kwenye paa la chekechea. Nilijitolea nikiamini nitapelekwa jikoni, kwa kuwa chapati nasukuma tangu utoto. Thubutu! Jiko lina rezdora, mama mwenye mamlaka ya unga, na hakabidhi kibao cha kusukumia kwa mtu aliyekuja juzi. Miaka miwili nilikusanya sahani chafu. Wa tatu nikaruhusiwa kukata vipande vya gnocco fritto, ambavyo ukiviona utaapa ni maandazi ya chumvi, ila kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Mimi Mwislamu, sili. Rezdora akaniuliza "hata kidogo?" kwa uso wa daktari anayeulizia dalili. Siku hizi ananitengea tortelli za mboga za majani na jibini kabla sijafika, na anamkemea anayezigusa.

Wala usidhani utakuwa mgeni wa kwanza. Ng'ombe wengi ambao maziwa yao yanakuwa jibini la Parmigiano wanahudumiwa na Wahindi wa Punjab, na Novellara, mji wa jirani, una hekalu la Masingasinga lililofunguliwa mwaka 2000. Wanaolea wazee majumbani ni akina mama wa Ukraine, Moldova, na sisi wengine. Kazi yangu ni hiyo, wanaiita badante.

Na kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha mtoni. Elewa kwanza kwamba Po huuoni kutoka kijijini. Kuna tuta la udongo, argine, lililopanda juu ya mapaa mengi, na kati ya tuta na mto kuna golena, ardhi ya miti ya mipopla na nyumba chache, ambayo mto ukijaa inakuwa yake. Bibi niliyekuwa namhudumia alikuwa binti tarehe 14 Novemba 1951, tuta lilipovunjika Occhiobello, mbali kuelekea baharini. Eneo la Polesine likazama, wakafa watu wapatao 100, zaidi ya 180,000 wakakosa makazi. Mvua ikizidi swali lake lilikuwa moja: Po umefika wapi? Alitaka mita, si pole.

Novemba 2019 ulifika. Wakazi walipokezana zamu kutembea kando ya tuta usiku na tochi, wakitafuta fontanazzo. Mto ukikaa juu siku nyingi, maji hupenya chini ya tuta na kububujika upande wa nyumba. Yakitoka safi unayaangalia tu. Yakitoka na mchanga, tuta linaliwa kwa chini. Na hawayazibi! Wanayazungushia viroba vya mchanga yapande ndani ya duara, uzito wake ushindane na msukumo wa mto.

Mimi sikubeba kiroba. Nilipigiwa simu kutoka ofisi ya kijiji: wanahamisha wazee wa golena, nani analala ghorofa ya chini, nani ana mtungi wa oksijeni? Orodha walikuwa nayo, ila orodha haijui kwamba mzee fulani alihamishia kitanda jikoni tangu avunjike mguu. Sisi mabadante tunajua, tunashikiana zamu. Kesho yake hakuna aliyenipa hotuba ya shukrani. Ila yule jirani wa visheti alinipigia saa sita na nusu, saa ile ile ya chakula, kuuliza bibi wangu kalala wapi.

Mwaka 2022 ikawa kinyume, ukame hadi jahazi la mizigo la mita 50, Zibello, lililozama mwaka 1943, likachomoza mtoni Gualtieri, mji wa jirani. Tulikwenda kulitazama kijiji kizima.

Ya kufanya sasa: leseni ya Tanzania huku haibadilishwi, na bila gari kijijini umefungwa. Anza kusomea ukiwa Bologna. Nadharia ni maswali 30 kwa Kitaliano, makosa yakizidi matatu umeanguka. Ukijiandikisha makazi, askari wa manispaa atakuja kuhakikisha unaishi pale, usishtuke.

Na mbu. Mimi niliyekulia Tanga nilicheka nilipoambiwa. Malaria hakuna, lakini Julai magharibi hukai nje. Kabla hamjasaini nyumba, hakikisha madirisha yana wavu.