Kichri imetoka kavu na choroko ngumu

Dada, pole na kuuguza. Unasema kichri, ule mchele unaopikwa pamoja na choroko, uliyompikia mama ilitoka kavu kama pilau na choroko zikabaki ngumu. Nadhani ulitumia choroko nzima za kijani. Wahindi, kwenye mapishi yao ya Ayurveda, yaani tiba yao ya jadi, humpikia mgonjwa zile zilizopaazwa na kumenywa, za njano, kwa sababu hulainika upesi na hazimsumbui tumbo.

Chukua nusu kikombe cha choroko hizo na nusu cha mchele, osha mpaka maji yatakate, loweka nusu saa. Pasha samli vijiko viwili, tia bizari nyembamba. Ikianza kurukaruka na kunukia, usingoje iwe nyeusi: tia tangawizi, manjano na mvuje kidogo sana, uleule wanaofungwa watoto wachanga huku pwani. Harufu yake mbichi inachukiza, ikiiva huisikii.

Mimina choroko, mchele na vikombe vitano vya maji. Moto mdogo, dakika arobaini hivi, ukikoroga isishike chini. Ukiikamua choroko kwa vidole ipondeke yote. Chumvi mwishoni. Iwe ya kumiminika kama uji mzito. Ikipoa itakaza, ongeza maji ya moto. Pilipili iache kwanza.