Goti Lililoumia: Usimgeuze Mgonjwa, Geuza Mrija wa Eksirei

Goti la ajali halipigwi eksirei kama goti la mzee anayelalamika maumivu ya siku nyingi. Mzee atageuka ubavu mwenyewe na kukunja goti nyuzi 20 hadi 30. Aliyeletwa kwa machela baada ya kugongwa na bodaboda, mwache chali.

Picha ya kando ndiyo yenye siri nyingi, na ndiyo wageni wa kazi huiharibu. Nyanyua mguu kidogo kwa sponji, simamisha kaseti (bamba linalopokea picha) katikati ya magoti, mwali wa eksirei uingie kutoka upande wa nje ukiwa sambamba na sakafu. Tibia, yaani mfupa mkubwa wa muundi, ikipasuka hadi ndani ya kiungo, mafuta ya uboho huvuja na kuchanganyika na damu. Akitulia chali dakika chache, mafuta huelea. Tazama juu kidogo ya pia ya goti: utaona mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula, juu yake weusi wa mafuta, chini yake kijivu cha damu. Ukiuona, mfupa umevunjika hata kama ufa wenyewe huuoni. Mwambie daktari hapohapo, maana hapo siti skani huhitajika. Mwali ukitoka juu kwenda chini, ni sawa na kuchungulia mchuzi sufuriani: unaona uso wa mafuta tu, mstari haupatikani.

Picha ya mbele ina kosa moja kubwa: kulenga pia ya goti. Lenga sentimita 1 hadi 1.5 chini ya ncha yake, umbali wa mrija hadi kaseti sentimita 100, mguu umezungushwa ndani nyuzi 3 hadi 5. Kichwa cha fibula (mfupa mwembamba wa upande wa nje) kikimezwa na tibia, mguu ulilala nje. Kikijitenga kabisa, umeuzungusha ndani kupita kiasi. Kisha kagua ukingo wa nje wa tibia, chini tu ya kiungo. Kipande kidogo cha mfupa pale, alichokieleza daktari Mfaransa Paul Segond mwaka 1879, karibu kila mara huja na kano ya msalaba ya mbele, ile iliyo ndani ya goti, iliyokatika. Ni kidogo mno. Ukizidisha mwanga wa skrini kinapotea.

Pia ya goti iliyogawanyika pembe ya juu nje, kingo zake laini na nyeupe, mara nyingi ni maumbile. Vivyo hivyo kijifupa cha mviringo nyuma ya goti. Mfupa uliovunjika jana una kingo kali zisizo na ganda jeupe.

Kwa mguu wa chini, goti na kifundo cha mguu vyote viwemo. Kaseti ya 35 kwa 43 ilazwe mshazari, mrija urudi hadi sentimita 110 au 120. Mguu ukizidi, piga picha mbili zinazopishana katikati. Usikate kiungo kimoja kwa kuokoa filamu. Kifundo kikisokotwa, nguvu hupanda katikati ya mifupa miwili na kuivunja fibula karibu na goti. Kwa hiyo hata fomu ikiandikwa "kifundo" tu, bonyeza taratibu chini ya goti upande wa nje. Akishtuka, mweleze daktari aongeze picha.

Na muundi ukiwa umekakamaa, ngozi inang'aa, na mgonjwa anapiga kelele unapomnyoosha vidole vya mguu, acha kaseti. Mwite daktari kwanza: shinikizo ndani ya misuli huua nyama kwa saa chache.