Usukani wa sentimita 78 na bega linauma: nikate mpaka ngapi?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mie niko Wete, Pemba, nimenunua baiskeli ya mlimani ya mtumba, fremu ya alumini, tairi 29, nzuri sana ila usukani wake mpana, nimepima umetoka sentimita 78. Urefu wangu ni kama sentimita 165. Kila siku natoka Wete naenda Konde kazini, na nikipata nafasi naenda na wenzangu mpaka msitu wa Ngezi na kule Kigomasha. Nikirudi bega na shingo vinauma, na viganja vinaingia ganzi upande wa kidole cha mwisho. Fundi wa hapa ananambia nikate mpaka 60 kama baiskeli za zamani, jamaa yangu mwengine ananambia nisiguse, huo ndo upana wa siku hizi. Nimfate nani?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwa sasa usimfate yeyote kati yao, na msumeno uwekwe mbali kwanza. Kwa mwili huo na njia hizo mie naona utaishia kwenye 72 mpaka 74, lakini usikate kwa sababu nimesema mie, maana iko njia ya kuujaribu upana wowote bila kukata hata milimita moja na ndo hiyo ntakayokueleza.

Kwanza ujue kwa nini waliweka 78. Baiskeli za mlimani za miaka ya 1990 zilikuwa na usukani wa 56 mpaka 60 hivi, lakini zilikuwa na shingo ndefu, yaani kile kipande kinachobana usukani na kuushika kwenye uma wa mbele, kilikuwa kinafika sentimita 12. Baadae fremu zikarefushwa mbele, shingo ikafupishwa ikawa 4, 5, 6 hivi, na usukani ukapanuliwa ili vyote viende pamoja. Sasa ukichukua baiskeli ya kisasa yenye shingo fupi ukaikata usukani mpaka 60 umeharibu hesabu yote, gurudumu la mbele linakuwa jepesi mno, ukiteremka kilima kwa kasi ukikohoa tu linageuka. Fundi wako kaona baiskeli nyingi za zamani zikienda vizuri na 60, na ni kweli zilikuwa zinakwenda, ila hii yako haikujengwa hivo.

Halafu upana ni wenzo. Kutoka katikati mpaka mwisho kwenye 78 ni sentimita 39, kwenye 60 ni 30, kwa hiyo kwa nguvu ile ile ya mkono 78 inakupa asilimia 30 zaidi ya kulizuia gurudumu lisigeuke. Kwenye lami tupu hulioni hilo. Ingia kwenye njia ya mizizi, au shuka kilima cha udongo mvua zimeshachimba mfereji katikati, jiwe likipiga gurudumu pembeni ndo utajua, usukani mwembamba unakutoka mkononi na mpana unakaa. Na kifua kinafunguka, unapumua vizuri ukipanda, na Pemba kupanda hakuishi.

Lakini ukizidi ndo yanakuja hayo yako. Mikono inanyooka, viwiko vinafunga, na kiwiko kikishafunga mshtuko wa njia haukatiki popote unakwenda moja kwa moja begani na shingoni. Viganja navyo vinapinda, uzito unahamia ukingo wa nje wa kiganja, na hapo ndo unapita mshipa wa fahamu unaokwenda kidole cha mwisho, ndo maana ya ganzi yako kuwa upande huo. Na kuna hili watu wengi hawalioni kabisa: ukipanua mikono kifua kinashuka na kwenda mbele, yaani upana unakurefushia baiskeli. Hesabu ya mafundi, ya makisio tu, ni kuwa kila sentimita 2 za upana ni kama umeongeza sentimita 1 ya shingo. Kwa hiyo ukitoka 78 ukaja 74 ni kama baiskeli imekusogelea sentimita 2, na kwa mtu wa 165 hizo sio kidogo.

Sasa kujaribu. Tandika mkeka, lala kifudifudi, weka mikono kama unataka kupiga pushapu, funga macho, panda shuka mara chache na iache mikono ikae pale inapohisi ina nguvu zaidi. Mtu mwengine achukue futi ya fundi cherehani apime kutoka ukingo wa nje wa kiganja hiki mpaka ukingo wa nje wa kile. Hiyo ndo namba ya kuanzia, sio ya kumalizia. Kuna wanaopima mifupa ya mabega wakasema usukani uwe sawa na mabega, hiyo ni ya baiskeli za mashindano ya lami zenye usukani wa kupinda chini, ya mlimani usiipime hivo.

Ukishapata namba nenda kwenye baiskeli, legeza mkono wa breki na gea, nyingi zinataka alenki namba 4 au 5. Gripu, yaani ile mipira ya kushikia, kama zina skrubu legeza tu, kama hazina pitisha spoki polepole chini yake utie maji ya sabuni kidogo, zungusha zitatoka, ila zikauke kabisa kabla hujapanda maana gripu yenye sabuni inazunguka mkononi na hapo unaanguka. Sukuma kila kitu ndani sentimita 1 kila upande. Chuma kitabaki kimetokeza nje, kiache na vizibo vyake, lakini mikono yako sasa iko kwenye 76. Nenda Konde na kurudi njia ile ile, kasi ile ile, siku kadhaa, usihukumu kwa siku moja kwa sababu siku ya kwanza kila upana mpya unahisi wa ajabu. Bado? Ingia sentimita 1 nyengine, uko 74. Kwenye msitu usiende na hivo vyuma vimetokeza, vitashika matawi, jaribio lifanye barabarani.

Angalia mambo mawili tu, kiwiko na kiganja. Ukiwa umekaa kawaida unakanyaga bila presha kiwiko kiwe kimelegea, kina kupinda kidogo, na ukitazama mkono kutoka juu kiganja kifate mstari wa mkono wako bila kukatika kwenye kifundo. Ukiona ukiteremka gurudumu limeanza kuchezacheza, au ukisimama kupanda kilima magoti yanakaribia kugonga viwiko, umeingia sana, rudi nje nusu sentimita.

Na ukifanya hivi utakiona mwenyewe kitu kinachoikataa hiyo 60. Gripu inakula sentimita 13, mkono wa breki na gea vinakula nyengine 4 au 5 kila upande. Usukani wako kama ni ule uliopanda juu kidogo, katikati ni mnene kisha una kona kisha unanyooka, na breki inakaa kwenye sehemu nyembamba iliyonyooka tu. Ukikata mpaka 60 kwenye sukani nyingi za namna hiyo breki inafika kwenye kona na haikai, utakuwa na usukani usioweza kuvaa vitu vyake.

Ukishakaa na upana mmoja wiki mbili tatu bila maumivu, kata. Na hata hapo acha milimita 5 za ziada kila upande, utazipunguza baadae ukitaka, chuma kilichokatwa hakirudi. Kwanza soma maandishi ya kwenye usukani, watengenezaji wengi wanachora mistari mwishoni kuonesha ukate mpaka wapi, usivuke. Kama ni alumini msumeno wa chuma wa meno madogo unatosha, zungusha tepu ya gundi kwenye alama, ukate ukifata ukingo wa tepu ili utoke umenyooka, na upime kutoka katikati kwenda kila upande, usipime kutoka mwisho, kwa sababu usukani wa mtumba huenda mwenye kwanza alishakata upande mmoja zaidi. Kama ni kaboni, blade mpya ya meno 32 kwa inchi, lowesha maji, vaa barakoa, ule unga wake ni mbaya kwa mapafu. Halafu piga tupa ndani na nje mpaka kidole kipite bila kukwaruza.

Na ziba mwisho. Hili nalisema kwa uzito wote. Bomba la usukani lililo wazi ukianguka juu yake linaingia mwilini, limeshajeruhi watoto wengi tumboni. Kizibo kikipotea tafuta chengine siku hiyo hiyo, hata kizibo cha chupa kilichochongwa kikakaza ni bora kuliko wazi.

Wasomaji wengine, kwa ufupi. Walioko mjini Unguja wanaopita vichochoro vya Mji Mkongwe au kubanana na magari pale Darajani, baiskeli kama hii 68 mpaka 70 inatosha, mpana zaidi utagonga vioo vya watu. Kinamama na vijana wafupi wasione haya kushuka hata 66 kama vipimo vinasema hivo. Wanaotundika ndoo au dumu kwenye usukani, litundike karibu na katikati, likikaa kwenye gripu kila sentimita ya upana inaongeza nguvu ya kukuvuta upande. Na wenye baiskeli za zamani wanaotaka kuweka usukani mpana: angalia unene wa katikati, za zamani nyingi ni milimita 25.4 na za sasa 31.8 au 35, usijazie kwa bati la kopo, badili na shingo, tena fupi, na hakikisha nyaya za breki zinafika ukikata kona mpaka mwisho.

Ndugu yangu wa Wete, ukifika 74 ganzi imeondoka lakini bega bado, usiendelee kukata. Pima shingo, kutoka katikati ya usukani mpaka katikati ya boliti ya juu ya uma. Ikiwa ni 7 au zaidi tafuta ya 5, ubane boliti zake kwa zamu kimsalaba mpaka namba ya Nm, yaani kipimo cha nguvu ya kukazia, iliyoandikwa pale, nyingi ni 5, kisha uende tena Konde na upana huo huo wa 74.