Mwaka mpya Santo Domingo: ukoko, güira na pelota ya Januari

Mkuu, umeuliza hivi: unakwenda Santo Domingo kikazi kuanzia 27 Desemba hadi 20 Januari, unafikia kwa familia, besiboli huijui hata kidogo, kila unayewasiliana naye anakutajia "pelota", yaani besiboli hiyo hiyo, na muziki, na hujui umpelekee zawadi gani mtoto wa mwenyeji wako mwenye miaka minane. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu siku ulizochagua ndizo zenyewe. Chakula cha mwaka mpya, muziki wa merengue na besiboli kule vinakwenda pamoja, na ukielezwa kimoja tu utakuwa umepewa wali bila mboga.

Tuanze na ratiba. Ligi ya Jamhuri ya Dominika inachezwa wakati Marekani wamejifungia na baridi. Inaanza katikati ya Oktoba ikiwa na timu sita, kila moja inacheza michezo 50. Karibu na Krismasi timu mbili zinaaga, nne zinabaki, na kila moja inakutana na wenzake watatu mara sita sita, jumla michezo 18. Duru hiyo wanaiita todos contra todos, yaani wote dhidi ya wote. Mbili za juu zinaingia fainali ya Januari, na bingwa anawakilisha nchi kwenye Serie del Caribe, mashindano ya mabingwa wa ukanda wa Karibi, mwanzoni mwa Februari. Kwa hiyo wewe unafika katika kiini cha msimu. Usitegemee mchezo usiku wa tarehe 24 wala wa 31. Siku nyingine michezo mingi huanza kama saa moja na nusu usiku.

Kuna jambo linawachanganya wageni wengi: mchezaji aliyekuwa na jezi ya timu fulani Novemba, Januari unamkuta na jezi nyingine. Timu zilizobaki zinaruhusiwa kuchukua wachezaji wa zile zilizotolewa, na uchaguzi huo unajadiliwa mtaani siku nzima.

Santo Domingo ina timu mbili, Tigres del Licey ya 1907 yenye rangi ya bluu, na Leones del Escogido ya 1921 yenye nyekundu. Zote mbili nyumbani kwao ni uwanja mmoja, Quisqueya. Ukiwafahamu Simba na Yanga pale kwa Mkapa, huhitaji maelezo zaidi. Muulize mwenyeji wako kabla ya kufungua begi: hii nyumba ni ya bluu au nyekundu? Shati jekundu katika nyumba ya Licey litazua mjadala mezani. Familia ikiwa na asili ya mji wa Santiago, basi tegemea njano ya timu ya huko, Águilas Cibaeñas, nao wana kelele kuliko wote.

Sheria za kukutosha usiku wa kwanza ni chache. Timu zinabadilishana kupiga na kulinda, mara tisa kila moja; kila raundi kule wanaiita entrada. Timu inayopiga inaendelea mpaka watu wake watatu watolewe. Mpigaji akikosa mara tatu ametolewa, na hilo wanaliita ponche. Angalia hapo, maana ponche pia ni kinywaji cha sikukuu cha maziwa, mayai na ramu. Kama hunywi pombe, ukikaribishwa "ponche" mezani uliza kwanza. Ukisikia "ponche" redioni, kuna mtu kapigwa chini. Mpigaji akiupiga mpira ukavuka ukuta ni jonrón. Anayefanikiwa kupiga anakimbilia besi, yaani vituo vya kuzunguka uwanjani; akivizunguka vyote na kurudi alipopigia ni bao, carrera. Hakuna sare: wakilingana baada ya entrada tisa, wanaendelea. Wala usiondoke mapema kukwepa foleni. Fainali ya Januari 2025 kati ya Licey na Escogido ilifika mchezo wa saba, na Junior Caminero wa Escogido akapiga jonrón ya kuamua katika entrada ya tisa.

Njia ya haraka ya kuuelewa mchezo ni kuuandika. Chukua daftari la mistari. Walinzi wana namba ambazo hazihusiani na namba za mgongoni: mrushaji 1, mdakaji wa nyuma ya mpigaji 2, wa besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu 6, kisha wa nyuma kushoto 7, katikati 8, kulia 9. Mpira ukipigwa kwa 6, akamrushia 4, naye akamrushia 3, na wakimbiaji wawili wakatolewa, unaandika 6-4-3. Mtu aliyetolewa kwa ponche ni K. Makosa ya wanaoanza ni kutaka kuandika kila mrusho. Andika tu mpigaji aliishia wapi. Ukimaliza entrada tatu hivi, mzee wa kiti cha jirani atakuwa ameshaanza kukusahihisha, na hapo umepata mwalimu.

Kama tiketi haipatikani, nenda colmado, duka la mtaa. Nje kuna viti vya plastiki, meza ya domino na redio au televisheni iliyofunguliwa mwisho. Hapo unajifunza zaidi kuliko uwanjani, kwa sababu mtangazaji anaeleza kila kitu na watu wanabishana naye.

Sasa muziki. Ngoma utakazosikia jukwaani kati ya entrada moja na nyingine ndizo zile zile za sherehe za majumbani. Kundi la asili la merengue wanaliita perico ripiao: kodiani, tambora, güira na marimba. Tambora ni ngoma ya pande mbili yenye ngozi ya mbuzi, inalazwa mapajani. Mkono mmoja una fimbo, mwingine unapiga kwa kiganja. Marimba yao ni sanduku kubwa lenye ndimi za chuma, mpigaji analikalia na kuzikwanyua, linatoa besi. Jina ni la Kibantu, na chombo chenyewe ni ndugu wa ilimba ya Wagogo wa Dodoma, kimekuzwa mpaka kikawa kiti. Ukiliona, guswa moyo. Watu walivushwa bahari kwa minyororo na chombo hiki kikabaki vichwani mwao.

Güira ndiyo utakayopewa ujaribu, kwa hiyo jiandae. Ni silinda ya bati iliyotobolewa vitundu vingi kwa msumari kutoka ndani, ikawa na ngozi kama ya grata ya kukunia. Unaishika wima kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia una kikwaruzio cha waya ngumu kama uma mpana. Mdundo wa msingi ni mkwaruzo mmoja mrefu wa kushuka, kisha miwili mifupi, panda na shuka: chaa-chiki, chaa-chiki. Hesabu kwa mguu, mguu mmoja kwa kila "chaa". Anza kwenye mapigo 100 kwa dakika, kisha ongeza. Merengue nyingi ziko kati ya 120 na 160, na perico ripiao hukimbia kuliko hapo.

Wageni wanaharibu mambo mawili. La kwanza, wanatumia bega. Dakika tano tu mkono umekufa, na mdundo unaanza kuburuta. Harakati itoke kwenye kifundo cha mkono, kiwiko kikae karibu na mbavu. La pili, wanabonyeza sana. Waya zikizama kwenye vitundu sauti inakatika na kuwa kelele ya bati. Zipite juu juu tu. Na umsikilize wa tambora, usimsikilize wa kodiani, maana kodiani inapamba na itakupoteza. Kucheza ni rahisi zaidi: kila pigo hatua moja, kushoto, kulia, magoti yakiwa yamelegea, mabega yametulia. Hata mgeni wa siku moja anaweza.

Alfajiri za Desemba unaweza kuamshwa na kundi lenye güira na tambora mlangoni. Huo ni aguinaldo. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanakaribishwa chai ya tangawizi na mkate. Usilalamike juu ya usingizi. Toka nje.

Usiku wa tarehe 31 meza inakuwa na nguruwe wa kuchoma, saladi ya viazi, mkate wa telera, na pasteles en hoja, ambavyo ni unga wa ndizi mbichi na mizizi iliyokunwa, nyama katikati, vimefungwa jani la mgomba na kuchemshwa kama saa nzima. Kama huli nguruwe, tatizo haliko kwenye sinia unaloliona bali ndani ya vilivyofungwa. Sema mapema, siku mbili kabla, "no como cerdo", na uulize kila kitu, "¿lleva cerdo?" Usisubiri usiku wenyewe, kwa sababu vyakula vinapikwa tarehe 30 na mama mwenye nyumba ataumia kukuona unakula saladi tu. Saa sita kamili usiku watu wanakula zabibu 12, moja kwa kila mlio wa kengele. Nunua zisizo na mbegu, na ndogo. Zile kubwa zitakukwamisha kwenye ya tano.

Mezani hapo kuna kitu chako: moro de guandules, wali unaopikwa pamoja na guandules. Guandules ni mbaazi, mkuu, mbaazi hizi hizi. Na watu wa Samaná, kaskazini mashariki mwa nchi, wanaupika kwa nazi. Jitolee kuupika, hakuna namna nzuri zaidi ya kuingia katika nyumba ile. Kwa watu sita: vikombe viwili vya mchele mrefu uliooshwa, vikombe viwili vya mbaazi mbichi zilizochemshwa, kikombe kimoja cha tui zito, vikombe viwili vya maji ya kuchemshia mbaazi zenyewe. Kwenye sufuria nzito kaanga kwa vijiko viwili vya mafuta kitunguu kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, hoho nusu, giligilani, oregano kavu kidogo, na vijiko viwili vya nyanya ya kopo. Nyanya ibadilike rangi kabla ya kuweka kimiminika, la sivyo wali unabaki na uchachu. Weka mbaazi, tui, maji na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi. Ikichemka weka mchele, koroga mara kwa mara mpaka maji yazame, kisha punguza moto chini kabisa, funika dakika 20. Geuza mara moja, funika tena dakika 10.

Moto mkali ndio adui. Tui linashika chini, linaungua kabla mchele haujaiva, na moshi wake unaingia sufuria nzima. Lakini usiogope wali kushika kidogo, kwa sababu ukoko kule unagombewa. Wanauita concón, na anayeukwangua vibaya anasemwa. Ukitaka utoke vizuri, baada ya kupakua mimina kijiko cha mafuta pembeni mwa sufuria na uache moto mdogo dakika tano.

Zawadi ya mtoto usimpe siku ya mwaka mpya. Siku ya watoto ni 6 Januari, siku ya Wafalme Watatu. Usiku wa tarehe 5 wanaweka majani chini ya kitanda kwa ajili ya ngamia, asubuhi wanakuta zawadi. Wakabidhi wazazi kwa siri jioni ya tarehe 5. Chagua glavu ya besiboli ya ngozi. Kwa miaka minane chukua inchi 10.5 hadi 11.5, wengi wananunua kubwa "atakua nayo", na mtoto anashindwa kuifunga, mpira unadondoka, anaichukia. Uliza anarusha kwa mkono gani: anayerusha kwa kulia anaivaa kushoto. Ongeza mpira laini wa mazoezi. Mpira halisi una gramu 142 hadi 149, ni mgumu, na ukimpata usoni mtoto ataogopa mwaka mzima.

Glavu mpya ni ngumu kama kiatu kipya. Paka mafuta ya glavu kijiko kimoja cha chai tu kwa glavu nzima, zaidi kwenye bawaba na kwenye kamba za ngozi, uache usiku mmoja kisha futa. Weka mpira katikati ya kiganja, ifunge kwa mpira wa baiskeli, ilale hivyo. Kila siku dakika 20 za kudaka. Baada ya wiki mbili hivi inakunjika yenyewe. Usiiloweke, usiitie kwenye oveni, usiikaushe juani: ngozi inapasuka na kamba zinakatika. Mafuta mengi nayo yanaifanya nzito na legelege, na katika unyevu wa pale inaota ukungu.

Mtaani utawakuta watoto wakicheza vitilla, na hiyo huhitaji glavu. Ni kizibo cha chupa kubwa ya maji ya kunywa, ile ya kugeuzwa juu ya mashine, na mpini wa ufagio. Vizibo hivyo Dar tunatupa kila siku. Kishike ukingoni kati ya dole gumba na kidole cha shahada, rusha mkono ukiwa pembeni, kifundo kikifyatuka mwishoni ili kizunguke. Bila mzunguko kinayumba na kuanguka njiani. Ukikiinamisha kidogo kinapinda kushoto au kulia, ndiyo maana watoto waliokua kwa vitilla wanauona mpira wa kawaida kama tikiti maji. Unapopiga usizungushe kwa nguvu. Subiri kifike karibu, gonga kwa ufupi. Besi na idadi ya watu vinatofautiana kila kona, kwa hiyo uliza kabla. Waliokaa karibu walinde macho.

Tarehe 15 Januari bado utakuwepo. Siku hiyo timu za ligi kuu ya Marekani zinaanza kusaini vijana wa nje waliofikisha miaka 16, na Wadominika ndio wengi. Ukisikia spika kubwa na tambora mchana kweupe katika mtaa wa kawaida, pengine kuna mama ambaye mwanawe amesaini. Pita umpongeze, lakini usimuulize kiasi cha fedha. Aliyemfundisha kijana tangu utotoni ana sehemu yake, ndugu wana zao, na hesabu hizo ni za ndani. Kama unaijua chaa-chiki yako kufikia hapo, watakupa güira.